Bahasha za babu yangu wa Keya: nizikate stempu au niziache?

*"Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na alipigana Burma. Mwezi uliopita tumefungua sanduku lake la bati tukakuta bahasha kumi na nne. Nane zina stempu za Mfalme George. Sita hazina stempu hata moja, zimeandikwa tu On Active Service. Chini ya sanduku kulikuwa na stempu zilizobanduliwa kama mia mbili, na mbili kati yake zimepigwa herufi G.E.A. Kaka yangu anataka tuuze. Rafiki yake anayefanya biashara ya vitu vya kale anasema tukate stempu na bahasha tutupe, na kwamba zile sita hazina thamani. Huyohuyo ananiuzia karatasi ya stempu za majenerali wa Vita Kuu ya Pili, imeandikwa Tanzania, haina meno pembeni, anasema ni adimu sana, shilingi laki mbili. Mimi ningependa kuanza mkusanyo wa stempu zinazowaenzi askari, niuoneshe familia Siku ya Mashujaa. Naishi Tanga. Bahasha zimeanza kutoka madoa ya kahawia, nilifikiria kuzipiga laminesheni. Nianzie wapi? Picha nimekutumia."*

Marahaba mwanangu. Kabla sijasema lolote, weka mkasi mbali. Na karatasi za laminesheni zirudishe dukani kama umeshazinunua. Hayo mawili ndiyo yasiyo na marekebisho. Mengine yote tunaweza kuyazungumza taratibu.

Nakuelewa hivi: una mali ya familia mkononi, una kaka anayeona pesa, una mtu anayejifanya mjuzi, na una hamu yako mwenyewe ya kumuenzi babu. Unaogopa kwamba ukichelewa unyevu wa Tanga utaila hiyo mali, na ukiharakisha utaiharibu kwa mikono yako. Hofu zote mbili ni za haki.

Nianze na zile sita alizoambiwa kaka yako kuwa hazina thamani. Kwa macho yangu ndizo za kwanza kuokolewa kama nyumba ingeshika moto. Askari aliyekuwa vitani hakulazimika kulipia barua ya kawaida. Aliandika On Active Service juu ya bahasha, maana yake yuko kazini vitani, afisa wa kikosi akaisoma barua, akatia sahihi yake pembeni kuthibitisha kwamba haina siri za jeshi, kisha ikapigwa muhuri wa ukaguzi na muhuri wa posta ya jeshi, ikaondoka. Kwa hiyo bahasha kukosa stempu si upungufu. Ndiyo alama yenyewe kwamba mwandishi alikuwa askari vitani.

Angalia picha ya tatu uliyonitumia. Kwenye kona ya kulia kuna muhuri wa duara wenye herufi A.P.O., yaani Army Post Office, posta ya jeshi, na namba, lakini hauna jina la mji. Hilo lilifanywa makusudi. Posta ya jeshi ilikuwa inahama na vikosi, na kama muhuri ungetaja mahali, adui akipata gunia moja la barua angejua majeshi yako wapi. Kwa hiyo kila ofisi ilipewa namba. Leo wakusanyaji wana orodha zinazoonesha namba fulani ilikuwa wapi mwezi gani, na ukiweka tarehe ya muhuri mbele ya orodha hiyo unaweza kumfuata babu yako kituo kwa kituo, hata kama barua yenyewe haikuruhusiwa kutaja alipokuwa. Vilevile ukiona herufi F.P.O. badala ya A.P.O., ni posta ya jeshi ya uwanjani, na askari wetu wa Burma walipita mikononi mwa posta za namna hiyo pia.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani, ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, katika matope na malaria, na Desemba mwaka huohuo ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Bahasha yako ya tano ina tarehe ya Oktoba 1944. Sitasema babu alikuwa Kabaw mpaka tuisome namba ya muhuri vizuri, maana picha imefifia. Lakini unaona jambo linaloweza kutoka kwenye duara moja la wino. Stempu peke yake, ikishakatwa, haiwezi kukuambia hayo.

Sasa zile nane zenye stempu. Ulidhani, na kaka yako alidhani, kwamba zote ni barua za babu. Nimesoma anwani kwenye picha. Tano kati yake zimeandikwa kwake: namba yake ya jeshi, jina, na namba ya kikosi yenye herufi TT kwenye mabano. TT ni Tanganyika Territory, batalioni za Keya zilizotoka kwetu. Stempu ni za Kenya, Uganda na Tanganyika, ile seti ya mwaka 1938 yenye jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, Mlima Kilimanjaro na daraja la reli la Jinja. Maana yake barua hizi zilitumwa kutoka nyumbani. Mtu alikwenda posta, akanunua stempu kwa senti zake, akampelekea. Barua zikavuka bahari, zikamfikia, na babu yako akazibeba kwenye mzigo wake mpaka akarudi nazo. Muulize mama yako ni nani aliyekuwa anaandika, kwa sababu mwandiko wa zile tano ni mmoja.

Mtu akizikata stempu hizo atapata vipande vitano vya karatasi ambavyo wauzaji wanavyo kwa maelfu. Stempu za thamani ndogo za seti hiyo zilichapishwa kwa wingi na kwa miaka mingi, kuanzia 1938 hadi 1954. Kinachofanya bahasha yako itafutwe ni vitu vitatu vikiwa pamoja: stempu, muhuri na anwani ya askari Mwafrika wa cheo cha chini. Katika miaka yangu yote ya kukusanya, barua za maofisa wa Kizungu nimeziona nyingi, kwa sababu familia zao zilikuwa na madawati na makabati ya kuzihifadhia. Za askari wetu nimeziona chache mno. Nyumba ziliezuliwa na mvua, mchwa walikula, na watu wengine waliambiwa kama ulivyoambiwa wewe: kata stempu, tupa karatasi.

Nami nililifanya hilo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mjomba wangu alinipa barua za kaka yake aliyekufa Madagaska mwaka 1942. Nilizilowesha kwenye beseni, nikabandua stempu, bahasha zikawa uji. Stempu hizo ninazo hadi leo na hazinielezi chochote. Ndiyo maana nimeanza na mkasi.

Tuje kwenye madoa ya kahawia, maana hapo muda una maana. Madoa hayo mara nyingi ni kazi ya ukungu mdogomdogo unaokula karatasi na gundi. Ukungu unaamka hewa inapokuwa na unyevu wa kutosha, na ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu unapata nafasi ya kukua. Tanga, karibu na bahari, hewa hufika huko mara kwa mara. Sanduku la bati linafanya mambo kuwa mabaya zaidi: mchana linapata joto, usiku linapoa, na unyevu wa hewani unageuka matone ya maji ndani kama inavyotokea kwenye chupa baridi. Kwa hiyo adui yako ni lile sanduku kabla hata ya bahari.

Laminesheni haitaua ukungu. Itaufungia ndani pamoja na chakula chake. Zaidi ya hapo mashine inayeyusha plastiki kwa joto mpaka iingie kwenye nyuzi za karatasi, gundi ya nyuma ya stempu inayeyuka, wino wa muhuri unaweza kutambaa, na hakuna fundi atakayeitoa plastiki hiyo bila kuichana karatasi. Najua tumezoea kulinda vyeti vya shule kwa njia hiyo. Cheti shule inaweza kukupa nakala, lakini barua ya babu haina nakala.

Fanya hivi. Chagua siku kavu, safisha meza, nawa mikono na uikaushe vizuri. Piga picha kila bahasha mbele na nyuma, na barua iliyomo kama inatoka bila kulazimishwa. Picha kwanza, kwa sababu hata likitokea baya lolote maneno yatabaki. Kisha ziache bahasha zipumue ndani ya chumba chenye hewa, mbali na dirisha la jua, siku mbili tatu. Usizianike nje. Jua litaua unyevu na litaua rangi pia. Ukiona unga wa ukungu juu ya karatasi, usiupulizie kwa mdomo. Vaa barakoa, toka kwenye baraza, na uufute taratibu kwa brashi laini ya nywele, ukielekeza nje ya karatasi. Madoa yaliyokwisha ingia usiyaguse. Usipake limao, usipake dawa ya kufulia, usipige pasi.

Kwa kuhifadhi, kila bahasha ipate mfuko wake. Mifuko mizuri ni ya poliesta, ile plastiki ngumu, angavu, isiyo na harufu. Ile laini ya steshenari inayonuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC, na inatoa kemikali zinazolainisha wino na kugandisha stempu. Ukikosa poliesta Tanga, karatasi nyeupe safi isiyo na tindikali inatosha kwa kuanzia. Ziweke zimesimama, zisibanwe, ndani ya boksi la kadibodi imara, kwenye rafu ya chumba cha ndani, si ukutani upande wa nje na si chini sakafuni. Tia vipakiti viwili vitatu vya chembechembe za kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Boksi lifunguliwe kila mwezi. Andika maelezo kwa penseli laini kwenye kipande cha karatasi kinachokaa pamoja na bahasha, kamwe usiandike juu ya bahasha yenyewe.

Kuna bahasha mbili kwenye picha ya nane ambazo zimegandana. Hizo usizitenganishe wewe. Hapo ndipo ninapokutuma kwa mtu wa kukutana naye ana kwa ana: nenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au kwenye ofisi ya Nyaraka za Taifa, uulize mhifadhi wa karatasi. Mhifadhi hulegeza gundi ya zamani kwa unyevu wa kupimwa. Mvuke wa birika, ambao kila mtu atakushauri, hulegeza gundi na wino kwa pamoja.

Zile stempu mia mbili zilizobanduliwa ni habari nyingine. Kwa kuwa zimeshatoka kwenye bahasha, zipange tu kwa nchi na kwa picha, ukizishika kwa kibanio chenye ncha bapa. Zenye sahihi ya kalamu badala ya muhuri wa posta zilitumika kwenye mikataba na risiti za kodi, na thamani yake ni ndogo hata kama namba iliyoandikwa juu ni kubwa. Hesabu na meno pembeni. Katika seti ile ya 1938 picha moja inaweza kuwa imekatwa kwa mashine tofauti, stempu moja ikawa na meno mengi zaidi kuliko nyingine, na bei zikaachana sana.

Mbili za G.E.A. zimenifurahisha. Mfalme mwenye ndevu juu yake ni George wa Tano, na herufi hizo ni German East Africa. Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1917 walichukua stempu za Afrika Mashariki na Uganda wakazipiga chapa ya herufi hizo juu, zitumike kwenye nchi waliyoiteka, mpaka stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilipokuja mwaka 1922. Thamani zilianzia senti moja hadi rupia 50. Zako ni za senti ndogo, kwa hiyo si mali ya kutajirisha mtu, lakini ni stempu za vita halisi. Kwa mkusanyo unaoutaka, zina haki ya kuwa ukurasa wa kwanza.

Hapa niseme neno juu ya wazo lako lenyewe, kwa sababu nadhani umelielekeza mahali finyu. Unatafuta stempu zenye picha za askari. Nchi nyingine zina jadi hiyo kwa wazi. Marekani mwaka 1946 walitoa stempu ya senti 3 kwa askari waliorudi kutoka vitani na kupewa hati ya kuachishwa kwa heshima. Baadaye zikaja za wapiganaji wa Vietnam mwaka 1979, za kumbukumbu ya askari weusi wa wapanda farasi waliojulikana kama Buffalo Soldiers mwaka 1994, na nishani ya Purple Heart ya waliojeruhiwa au kuuawa vitani, kuanzia 2003. Mwaka 2019 wakatoa moja yenye mche mdogo unaochipua kati ya majani makavu, iliyouzwa kwa nyongeza ya bei ili kusaidia matibabu ya majeraha ya moyo yanayowabakia watu baada ya vita na misiba mingine. Ni stempu nzuri, na ukitaka kuziweka chache kwa kulinganisha, zinapatikana kwa bei ya kawaida.

Lakini ukitafuta picha ya askari wa Keya kwenye stempu za wakati wake, utachoka. Mwaka 1946 makoloni ya Uingereza yalitoa stempu za ushindi, mchoro mmoja kwa karibu wote. Kwetu zilitoka tarehe 11 Novemba, nazo zilikuwa mbili, ya senti 20 na ya senti 30. Zinaonesha sura ya Mfalme na jengo la Bunge la London. Hakuna kifaru wala mto Chindwin. Hakuna babu yako. Zanzibar nao walipiga chapa nyekundu ya maneno ya ushindi, pamoja na tarehe ya gwaride la London, 8 Juni 1946, juu ya stempu zao za kawaida za Sultani Khalifa bin Haroub. Zote hizi utazipata kwa pesa ndogo sana, maana zilichapishwa kwa wingi. Zinunue. Kisha weka bahasha ya babu yako kwenye ukurasa wa pili, uso kwa uso na jengo lile la Bunge. Kurasa hizo mbili zitasema jambo ambalo mimi nimeshindwa kulisema kwa miaka mingi kwenye maonesho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ukusanye stempu zilizopita mikononi mwa askari, au zilizozaliwa kwa sababu ya vita walivyopigana, hata kama hazina picha yao. Ukipokea njia hiyo, Afrika Mashariki ni tajiri ajabu. Kikosi cha Nyasa na Rhodesia kilichoingia kutoka kusini kilitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa herufi N.F. mwaka 1916. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliopita Rwanda na Burundi wakafika Tabora Septemba 1916 waliacha stempu za Kongo zilizopigwa maneno ya kuikalia nchi, kwa Kifaransa na Kiflemi. Wajerumani waliozingirwa baharini walichapa stempu za dharura kwenye mtambo wa misheni pale Vuga, Usambara, mwaka 1916. Zikafukiwa ardhini zisitekwe, zikafukuliwa mwaka 1921. Vuga si mbali na ulipo wewe. Na nyuma ya majeshi yote hayo walikuwapo wapagazi, watu waliobeba chakula na risasi vichwani na kufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Stempu yao haipo. Jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, liko sokoni Kariakoo, na mkusanyo wako unaweza kuwawekea ukurasa mtupu wenye maelezo. Mimi ningefanya hivyo.

Kisha vita ya pili: stempu za Uingereza zilizopigwa E.A.F., kwa ajili ya majeshi ya Afrika Mashariki, zilizotumika Somalia kuanzia Januari 1943, baada ya askari wetu kuwaondoa Waitalia. Kisha uhuru. Katika seti ya Tanzania iliyotoka 9 Desemba 1965, ile ya senti 15 ina vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Ni stempu ya bei ya chini kabisa, watu huipita bila kuitazama, nami naipenda kuliko nyingi za bei kubwa kwa sababu ni vijana wetu wenyewe. Na mwaka 1979, baada ya JWTZ na wapiganaji wa Uganda kuingia Kampala mwezi Aprili, Uganda ilichukua stempu zilizokuwa tayari ghalani, maua, mazao na nyinginezo, ikazipiga maneno Uganda Liberated 1979. Ziko aina nyingi na nyingi si ghali. Bila shaka mtaani kwenu yupo mzee aliyekuwa Kagera. Akiwa tayari, mkalishe mbele ya ukurasa huo na umsikilize.

Tahadhari moja katika safari hiyo. Ukiona stempu zenye chapa ya maneno G.R. Mafia, za kisiwa cha Mafia mwaka 1915, usinunue hata ukishikwa mkono. Chapa hizo zimeghushiwa tangu zamani, na aliyekosa cheti cha wataalamu asidai bei ya mali halisi. Cheti hutolewa na kamati za uchunguzi kama ile ya Royal Philatelic Society ya London, na gharama yake ina maana kwa stempu ya bei kubwa tu. Za G.E.A. zako hazihitaji kupelekwa huko.

Sasa ile karatasi ya laki mbili. Sijaiona kwa mkono, na siwezi kumwita mtu mwizi kwa kusikia. Nitakueleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda. Tangu miaka ya themanini mashirika ya posta ya nchi nyingi ndogo na maskini, na sisi tumo, yaliingia mikataba na kampuni za nje zinazochora na kuchapa stempu kwa ajili ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani: majenerali, ndege za kivita, waigizaji wa sinema. Nyingi hazikuwahi kuuzwa kwenye dirisha la posta yoyote ya Tanzania. Ni halali, ila zimechapwa kwa wingi, na nakala zisizo na meno huwa zinatengenezwa makusudi ili ziitwe adimu. Kundi la pili ni baya zaidi: karatasi zinazochapwa na watu binafsi kwa jina la nchi bila posta ya nchi hiyo kujua. Umoja wa Posta Duniani, wenye makao Bern, umekuwa ukizitangaza orodha za stempu haramu za namna hiyo, na tangu 2002 una daftari la wazi ambamo nchi zinazoshiriki husajili stempu zao.

Kwa hiyo muulize muuzaji mambo mawili: ilitolewa tarehe gani, na iko namba gani kwenye katalogi ipi, yaani kitabu cha orodha na bei za stempu. Kisha nenda kwenye dirisha la stempu pale Posta Kuu Dar es Salaam ukaulize kama wanaitambua. Akikataa kukupa tarehe, umepata jibu. Na hata ikiwa halali, kwa laki mbili hiyo unaweza kujaza nusu ya mkusanyo niliokueleza. Mimi nisingeinunua.

Kuhusu kuuza. Kaka yako hana kosa kufikiria pesa, na usimshambulie kwa hilo. Ila ajue mambo haya. Bei ya katalogi ni bei anayouzia mfanyabiashara stempu safi kabisa. Anaponunua kutoka kwako anatoa sehemu ndogo tu ya hiyo. Stempu mia mbili za kubanduliwa, kwa nilivyoziona, hazitalipa ada ya muhula mmoja. Bahasha kumi na nne zikiwa nzima, pamoja, na barua zake ndani, zina wanunuzi wa kweli nje ya nchi, hasa wanaokusanya historia ya posta ya jeshi. Zikigawanywa au kukatwa, sehemu kubwa ya thamani hiyo inapotea siku hiyohiyo. Kwa hiyo hata anayetaka kuuza ana sababu ya kuzilinda kama wewe. Na kisheria bahasha hizi ni mirathi ya babu, si zako wala za kaka yako peke yenu. Mama na ndugu zake wakae, waamue, na uamuzi uandikwe.

Kama familia itagawanyika, iko njia ya tatu ambayo nimeona ikiponya ugomvi: bahasha zikabidhiwe Nyaraka za Taifa kwa maandishi, familia ibaki na picha safi na haki ya kuziona. Kasoro yake ni kwamba hutakuwa nazo mkononi Siku ya Mashujaa. Ukizibakiza nyumbani utakuwa nazo, lakini lazima uwe mtu wa kufungua boksi kila mwezi kwa miaka yote iliyobaki, na kumfundisha atakayekufuata. Unajijua wewe ni mtu wa namna gani.

Kwa tarehe 25 Julai usipeleke bahasha zenyewe zikashikwa na mikono ya watu wote penye pilau na soda. Chapa picha zake kwa ukubwa wake halisi, zibandike kwenye albamu kando ya stempu ulizonunua, na bahasha moja tu halisi iwe ndani ya mfuko wake, mkononi mwa mama yako.

Nina ombi. Ile bahasha ya tano, ya Oktoba 1944, ipige picha tena, muhuri peke yake, taa ikimulika kutoka pembeni na si kutoka juu, ili alama iliyobonyea kwenye karatasi ionekane hata pale wino ulipofutika. Nitumie. Nikiisoma namba nitakwambia ilikuwa posta gani, na wakati huo mama yako atakuwa ameshakuambia ni nani aliyeandika zile tano.